Nilivyogombea Uratibu Dhidi ya Mtani Wangu

Ninyi mnaoingia sasa katika kazi ya kufundisha kwa midoli, nianze na jambo mtakalolihitaji kesho asubuhi. Mdoli wa mtoto mchanga ujazeni maji ya uvuguvugu, si maji ya bomba yalivyo. Karatasi ya maelezo inasema maji tu, haisemi ya namna gani. Lakini mkunga akipokea mtoto wa baridi mikononi, anajua papo hapo kwamba huu ni mchezo na mikono yake inalegea. Akipokea mtoto wa uvuguvugu, mwenye uzito wa mtoto, shingo ikianguka nyuma kama ya mtoto, mikono inasahau kuwa ile ni plastiki. Nimeona wauguzi wazoefu wakitokwa na jasho juu ya mdoli. Mmoja alikuwa akiubembeleza, "Lia mwanangu, lia baba."

Damu ya zoezi nayo msinunue. Chemsheni maua ya rozela, changanyeni na uji mwepesi wa muhogo, kisha mchuje vizuri ili isizibe mrija. Shuka zilowekeni mapema, madoa yatatoka.

Mimi nimestaafu. Darasani nilisomea uuguzi ngazi ya cheti. Haya ya kufundisha kwa kuigiza nilijisomea mwenyewe, mwongozo mkono mmoja na kamusi mkono wa pili, na kwa kufungua vifaa vilivyoharibika hadi nijue kimekufa nini ndani. Kwa miaka mingi nilikuwa pia mama mjamzito. Msicheke bado. Kifaa cha mama kinavaliwa: tumbo la plastiki linafungwa kiunoni kwa mikanda, mtoto yumo ndani, mfuko wa damu uko chini, na aliyekivaa analala kitandani akisukuma na kulalamika. Siku ambayo mwanamke wa kukivaa alikosekana, nilikivaa mimi na ndevu zangu. Pale Igalula mkunga mmoja alinizalisha salama, akanipangusa uso, akaniambia, "Hongera mama. Dume limefanana na wewe, ila lenyewe halijaota ndevu." Sasa chekeni.

Kulala pale kitandani kunafundisha. Kazi yako ni kuwa mgonjwa, wala usimsaidie mwanafunzi hata kwa jicho. Akikuuliza kama unasikia kizunguzungu, jibu. Asipokuuliza, nyamaza uendelee kutokwa na damu. Walimu wengi wapya wana huruma, wanaanza kukonyeza. Ukimkonyeza leo, siku ya mama wa kweli atamkonyeza nani?

Aliyenifundisha hayo ni Bibi Theodora, mkunga wa zamani ambaye sasa ni marehemu. Yeye alianza kabla midoli ya dukani haijafika kwetu. Mtoto wake alikuwa wa kitambaa, amejazwa pumba za mpunga, na kondo la nyuma lilikuwa kipande cha kanga kilichokunjwa. Alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata mara moja. Alifunga mlango, akageuka, akamuuliza kila mmoja kwa jina lake.

"Maganga, utakosea?"

"Nitakosea, bibi."

"Na mwenzio akikosea?"

"Sikuona."

Asiyejibu hivyo alitolewa nje, hata angekuwa daktari. Mwanzoni niliona ni mambo ya kizee. Baadaye nikaelewa kwamba chumba chote kimesimama juu ya majibu yale mawili. Mtu mzima mwenye cheo chake na watoto wake anaingia mle ndani kukosea mbele ya wenzake, kwa hiari, ili asikosee penye roho ya mtu. Atakubali tu akijua kosa lile halitoki na mtu mwingine. Akitaka kulitoa mwenyewe, hilo ni lake.

Sasa niwaeleze ule uchaguzi.

Chama chetu cha walimu wa mafunzo ya namna hii kina kanda, na kila kanda ina mratibu. Wengi huuona uratibu kuwa cheo cha kuitisha vikao, lakini mratibu ndiye anayeamua vifaa vikae wapi. Mwaka ule kanda yetu ilikuwa inatarajia seti mpya, midoli mizuri ambayo kifua kinapanda na kitovu kinapiga mapigo. Mimi nilitaka seti zile zipande treni. Zishuke Igalula, zishuke Goweko, ziende zahanati ambako muuguzi wa zamu yuko peke yake na mhudumu, na gari la wagonjwa lipo mbali. Niliutaka uratibu kwa ajili ya hilo, na niliutaka sana. Nilikuwa nimeshapanga kichwani stesheni ipi ianze na ipi ifuate, na wakati gani wa mwaka kina mama hawabanwi na kazi ya mabani ya kukaushia tumbaku.

Aliyegombea dhidi yangu ni Sista Zuhura, muuguzi mwalimu, Mzaramo wa Kisarawe aliyekuja Tabora kikazi, akaolewa mtaani Kanyenye na hakuondoka tena. Yeye alitaka ukumbi mmoja mjini, wenye dari na kabati la kufungwa, wauguzi waje kwa zamu. Alikuwa na hoja, tena nzito. "Mdoli ukienda Goweko unarudi na vumbi kwenye mapafu," alisema. "Mwingine ulirudi panya wamekula sikio. Sasa hiyo ni huduma kwa mama au kwa panya?"

Ninyi vijana mmebakiwa na utani wa timu za mpira, kwa hiyo nieleze. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu wazee wetu waliposhuka pwani na mizigo kichwani, wengine wakafia njiani wakazikwa na wenyeji, wengine wakaoa huko, wengine wakarudi. Mtani anaweza kukusema lolote mbele ya yeyote, na kukasirika ni mwiko. Atafika kwenye msiba wako, ajilaze mbele ya jeneza na kudai apewe chake ndipo mzike. Zuhura alinizidi kidogo tu kwa elimu, lakini kwa mdomo alinizidi mno. Tulipokutana sokoni wakati wa kampeni aliita kwa sauti mbele ya wauza asali:

"Mpagazi wangu! Mzigo wangu umeuweka wapi? Nasikia sasa unataka kunitawala."

"Nilikuacha umekaa chini unangoja dafu lidondoke lenyewe," nikamjibu. "Limeshadondoka?"

"Limedondoka, tena tulilinywa na wazee wenu. Walipofika wakaiona bahari, wakauliza ni nani kamwaga maji yote haya bila kuogopa kiangazi!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kampeni ilikuwa hivyo, kila mmoja na hoja yake na utani juu, na kwa jinsi nilivyowasikia wanachama tulikuwa karibu sawa.

Aliyetaka kuvunja usawa ule ni rafiki yangu Nassoro. Huyu ni afisa tabibu, mtoto wa mjini, baba yake ana duka Kanyenye, na alijiteua mwenyewe kuwa mpiga debe wangu. Siku moja aliniita dukani kwao, akanimiminia kahawa, akasogeza kiti.

"Kaka Maganga, uratibu unao mkononi. Kuna jambo nimelisikia."

"Lipi?"

"Zuhura. Kwamba aliwahi kuongoza zoezi la mtoto asiyepumua, akaganda. Akasimama tu na ambu ya kupulizia hewa mkononi mpaka mdoli ukafa. Mwalimu mzima! Na wewe ndiye uliyekuwa unauendesha ule mdoli siku hiyo."

"Nani kakwambia?"

"Mtu tu."

"Mtu huyo alikuwamo chumbani?"

"Alikuwamo."

"Basi kama kuna aliyekosea, ni huyo."

Nassoro akasonya. "Usinihubirie, kaka. Sikuambii ukamshitaki. Sema kwa utani. Siku ya mkutano nitauliza swali, wewe utapasua kicheko, utasema kama watani wanavyosema. Hawezi kukasirika, na wenye kusikia watakuwa wameshasikia. Unataka midoli ifike Goweko au hutaki?"

Niliinywa kahawa yake nikaondoka. Nikitembea kuelekea stesheni nililipima jambo lile kama mtu anayepima dawa. Midoli ifike Goweko: hilo ni jema. Utani unaruhusu: hilo ni kweli. Sikutaka kosa la chumbani linipe kiti, lakini pia sikumwambia Nassoro hapana. Nilikuwa nakitaka kile kiti.

Siku chache baadaye nilikuwa Goweko na seti yetu ya zamani. Muuguzi wa pale alikuwa Leokadia, binti mdogo wa familia ya wakulima wa tumbaku, mwaka wake wa kwanza kazini. Ziara iliyotangulia alikuwa wa kwanza kuvaa glovu. Safari hii alinisalimu shikamoo, nikaitika, kisha akasimama ukutani, mikono nyuma.

"Leo nitaangalia tu, mzee."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Nikamtuma mhudumu akalete maji. Alipotoka, Leokadia akasema kwa sauti ya chini, "Juzi nimepokea mtoto wa kweli aliyechelewa kulia. Alilia, tunamshukuru Mungu. Lakini sijui ni nini nilichofanya kikamliza. Sijui, mzee. Mwingine akija hivyo sitajua nianze wapi."

"Ndiyo maana nimekuja. Vaa glovu."

Akatikisa kichwa. "Nasikia ya Sista Zuhura ya chumbani yametoka. Watu wa kwenye treni wanayasema, eti ni mambo ya uchaguzi. Kama ya mkubwa yule yametoka, yangu si yatamfikia mganga mfawidhi kabla hujapanda treni?"

Nikamwambia ya chumba changu hayatoki. Akaniangalia kwa heshima, kama unavyomwangalia mtu mzima anayekuahidi mvua. Nikafanya zoezi na mhudumu peke yake, naye alicheka mwanzo mpaka mwisho. Leokadia alibaki ukutani.

Nilirudi mjini nikijua kilichoharibika. Midoli hata ingefika Goweko yote, mipya kabisa, ingemkuta Leokadia ukutani.

Nikamtafuta Nassoro, nikamwambia lile swali asiliulize. Akasema, "Haya, kaka." Alisema upesi mno.

Mkutano ulifanyika mchana katika ukumbi wa kukodi pale mjini. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa daktari mmoja mama, mgeni kutoka kanda nyingine, mpole na mwenye miwani mizito. Nikasema hoja yangu ya treni, wakapiga makofi. Zuhura akasema hoja yake ya ukumbi na kabati, wakapiga makofi vilevile. Msimamizi akaruhusu maswali, na Nassoro akawa ameshasimama.

"Swali langu ni kwa Mzee Maganga. Kuna habari kwamba mgombea mwenzake aliwahi kuongoza zoezi akaganda hadi mdoli ukafa. Mzee alikuwamo. Wanachama wana haki ya kujua kiongozi wao yukoje. Tunaomba atuambie ni kweli au si kweli. Na asiogope, yule ni mtani wake."

Nilimwona Zuhura amekaa mstari wa mbele, mikono mapajani.

Fikirini na mimi, maana jambo hili linaweza kuwapata. Nikisema ni kweli, nimekivunja chumba. Nikisema si kweli, huo nao ni ushahidi: nimeeleza yaliyokuwamo, na kesho mwingine ataulizwa hivyohivyo, na siku nitakayokataa kujibu watajua maana yake. Nikisema "siwezi kusema," kila aliye mle ndani atatikisa kichwa kwamba basi ni kweli. Nilizoea kuamini kwamba kunyamaza ni salama siku zote. Pale nikaona kunyamaza nako kungemhukumu yule mwanamke.

Nikasimama. Nassoro alikuwa amenikumbusha mwenyewe: yule ni mtani wangu. Na mtani anajulikana kwa kitu kimoja, kwamba maneno yake hayapelekwi mahakamani.

"Mmeniuliza mimi Mnyamwezi habari za Mzaramo," nikasema. "Basi sikieni vizuri, maana nilikuwapo kwa macho haya. Kuganda? Nani aliganda? Mzaramo huyu alipoingia aliuliza kwanza ngoma iko wapi. Akaambiwa hakuna ngoma. Akasema basi bila ngoma mtoto hazaliwi, akaketi. Mdoli ukamngoja. Ulipochoka, ukajipulizia hewa wenyewe, ukajikata kitovu wenyewe, ukashuka kitandani ukamfunika huyu kanga maana alikuwa anakoroma! Mpaka leo ule mdoli ukiona nazi unalia. Nyinyi mnasema midoli hailii, mnaitikisa bure, ileteeni nazi!"

Sikumaliza. Ukumbi ulikuwa umeshavunjika kwa kicheko. Msimamizi mwenyewe alivua miwani akafuta macho. Nilikuwa nimechunga jambo moja tu: hata neno moja kati ya yale lisifanane na lililotokea chumbani, wala lisiwe kinyume chake. Kama Zuhura aliganda au hakuganda, ukumbi ule haukujua zaidi ya ulivyojua asubuhi, na hakuna aliyekuwa na uso wa kuuliza tena, isipokuwa mmoja.

Nassoro akapaza sauti, "Lakini mzee hajajibu!"

"Amejibu kimtani," msimamizi akasema. "Na mtani mwenziwe ana haki yake. Sista?"

Zuhura akasimama taratibu, akanikazia macho kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nilijua ameelewa.

"Asanteni. Mimi nasema kweli, nililala," akaanza. "Ningefanyaje? Nililetewa mjamzito mwenye ndevu! Nikamuuliza, mama, uchungu umeanza lini? Akanijibu, tangu Bagamoyo, nimebeba pembe. Nikamwambia tua mzigo nikupime. Akakataa, eti Mnyamwezi hatui mzigo kabla ya kufika kwa mwenye mali. Sasa jamani, mtu huyu ndiye anayetaka kuibeba midoli yetu apande nayo treni! Mpeni uratibu muone, midoli mtaipokea Ujiji!"

Nilicheka mpaka nikashika kiti cha mbele. Na nikiwa bado nacheka nikajua nimeshindwa. Watu hucheka kuelekea upande fulani, na kicheko kile kilikuwa kimeondoka na hoja yangu ya treni. Kura zilipohesabiwa alikuwa amenipita, si kwa mbali. Nassoro akaja sikioni. "Umejimaliza mwenyewe, kaka. Ilikuwa yako." Hakuninunia muda mrefu, si mtu mbaya, lakini siku ile alikuwa na uchungu wa kweli kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa na wangu. Sitawadanganya kwamba haikuniuma. Nilikwenda nyumbani nikaona ile ratiba ya stesheni iliyokuwa kichwani mwangu haina kazi tena.

Kabla sijatoka, Zuhura alinikuta barazani. Hakuniita mpagazi.

"Shikamoo, kaka Maganga."

"Marahaba, mdogo wangu. Hongera."

"Vifaa vipya nitaviweka mjini. Sitaki nikuahidi vingine."

"Najua. Ndivyo ulivyoomba kura."

"Ile seti ya zamani, yenye mdoli ulioshonwa shingo, haimo katika mpango wangu. Ichukue. Nauli ya treni na barua nitakuandalia." Akaondoka hatua chache, kisha akageuka. "Na usinirudishie panya."

Alikiendesha kile kiti vizuri. Ukumbi ulijengwa, kabati lilifungwa, na wauguzi wa karibu walipata mafunzo bora kuliko ambayo mimi ningeweza kuwapa. Wa mbali walipata mimi na mdoli wa shingo ya kushona, mpaka nilipostaafu. Haukuwa mpango nilioutaka. Hivyo mkigombea, na gombeeni, maana viti vile vinaamua mambo, msidhani mwenye hoja nyingine ni adui wa wagonjwa. Na anayewashauri mjue anawashauri kwa kutumia nini.

Nilirudi Goweko mwezi uliofuata. Habari za ukumbini zilikuwa zimeshatangulia kwa treni. Leokadia alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia uliulizwa mbele ya watu."

"Marahaba. Niliulizwa."

"Ukasema mdoli ulimfunika kanga." Akaziba mdomo.

"Ndivyo nilivyosema."

"Na hujasema kingine?"

"Wewe umesikia kingine?"

Akafikiri. "Sijasikia," akasema. Akanipokea begi, akaingia, akanisubiri nipite, akafunga mlango mwenyewe. Tulikaa mle ndani muda mrefu. Alipotoka uso ulikuwa umelowa jasho, akaenda bombani kunawa.

Mganga mfawidhi, baba mmoja mkarimu aliyekuwa ameniwekea chai na matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa, akaniuliza, "Vipi, mzee, huyu binti anaweza?"

"Muulize mwenyewe."

Akamwita. Leokadia akaja akijifuta mikono kwa shati la kazi.

"Leo nimemuua, mganga," akasema. "Mara mbili. Nilikuwa nasahau kunyoosha shingo kwanza. Mzee akimaliza chai tunarudia."